Taa za LED ndani ya chombo: njia tatu za kuziunga kwenye paneli ya swichi

Kabla ya upepo wa Kusi kuanza nililetewa vyombo viwili. Kimoja ni jahazi dogo la Shela linalotembeza wageni jioni, na mara nyingine kulala nao Kiwayu. Cha pili ni boti ya faiba inayovusha abiria kati ya Mokowe na Amu (mji wa Lamu). Wenyewe walitaka jambo moja: taa za LED ndani, ziwashwe na kuzimwa kwenye paneli ya swichi. Kila mmoja alikuwa ameshanunua taa zake na akaniuliza kama ni nzuri. Nilizijaribu kwenye betri, zikawaka vizuri. Nikawauliza waya utapita wapi na viungo vitakaa wapi. Hapo wote wawili wakanyamaza.

Taa ya LED mara chache hufa yenyewe. Kinachokufa ni kiungo. Hewa ya chumvi huingia kwenye nyuzi za waya na kupanda ndani ya mpira wake kama mafuta yanavyopanda utambi wa kandili. Utakata waya shubiri nzima kutoka kwenye kiungo ukidhani umefika penye shaba safi, ukute bado ni kijani, na mbele zaidi ni unga mweusi. Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kuunga, naanza kwa kuhesabu viungo ambavyo sitavifikia bila kung'oa ubao. Bei na urembo nitavitazama baadaye.

Njia ya kwanza: kudokoa waya ulio karibu

Hii ndiyo ya haraka, na ndiyo utakayoikuta kwenye vyombo vingi. Fundi anatafuta waya wowote wenye umeme uliopita karibu na mahali taa inapotakiwa, anauchuna mpira, anasokota waya wake juu, anazungushia tepu, basi. Taa sita zinamalizika kabla ya adhuhuri. Waya ni mita kumi tu. Mwenye chombo anafurahi.

Kwa taa moja, kwenye chombo kidogo, ukidokoa kwenye waya wa taa nyingine yenye fyuzi yake, sitakugombeza. Lakini taa sita kwa mtindo huu ni viungo 12 nyuma ya mbao, kila kimoja kikinywa unyevu wake. Cha kwanza kikioza, taa zote zilizo mbele yake zinazimika, na wewe hujui kimeozea wapi.

Kuna waya mmoja ambao haudokolewi kamwe: waya wa pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo. Hili nilijifunza kwa aibu. Nikiwa bado mgeni wa kazi, mteja aliomba taa ya kusomea karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo. Waya uliokuwa karibu ulikuwa wa pampu, ule unaotoka moja kwa moja kwenye betri ili pampu ijiwashe yenyewe maji yakipanda hata mwenyewe akiwa nyumbani amelala. Nikaudokoa. Mwezi mmoja baadaye taa ile ikapiga shoti usiku, fyuzi ikakatika, na pampu ikafa pamoja nayo. Mvua ikanyesha. Asubuhi chombo kilikuwa kimekaa nangani, maji yamefika kwenye viti. Mwenyewe hakunipigia kelele. Aliniita, akanipa ndoo.

Tahadhari nyingine ni kwa wenye mashine ndogo za kuvuta kwa kamba. Baadhi yake zina koili ya taa inayotoa umeme wa kwenda na kurudi (AC), usiochujwa, unaopanda na kushuka kwa kadiri unavyozidisha mafuta. Balbu ya zamani iliuvumilia. LED ukiiunga hapo moja kwa moja itapepesa, kisha itakufa. Umeme huo lazima upite kwenye rektifaya ya kuunyoosha na regyuleta ya kushikilia volti, uingie betri, ndipo utoke kwenda paneli.

Njia ya pili: swichi moja ya paneli, vitufe kwenye taa

Hapa waya jozi moja, chanya na hasi, hutoka kwenye paneli hadi kisanduku cha kuungia kilichowekwa pakavu na juu, mahali ambapo mkono unafika. Kutoka kisandukuni, kila taa hupelekewa jozi yake nzima, bila kiungo njiani. Swichi ya paneli ndiyo mlango mkuu. Ukishaifungua, kila taa unaiwasha kwa kitufe chake, mradi umenunua taa zenye vitufe.

Viungo kwa jumla havipungui. Ukihesabu pale kisandukuni, vinaweza hata kuzidi. Ila vyote viko mahali pa kuonekana: unafungua skrubu nne, unaviona, unapiga testa, umemaliza.

Ubaya wake ni kwamba vitufe vyenyewe huwa vya bei rahisi, na ndivyo vinavyoshikwa na mikono yenye maji ya chumvi. Kwa boti ya abiria hilo ni tatizo, kwa sababu abiria hawezi kuona kitufe asikibonyeze. Kwa hiyo boti ya Mokowe niliifunga njia hii lakini kwa taa zisizo na vitufe: taa tatu chini ya paa, swichi moja kwa nahodha, akiwasha zinawaka zote. Nahodha wake alikuwa ameshaniambia, "Fundi, mimi nataka niguse mahali pamoja tu. Nina abiria, nina usukani, nina mtu anayetaka kushuka kabla hatujafunga kamba." Hakuhitaji zaidi, na fundi atakayemuuzia zaidi anamuibia.

Njia ya tatu: swichi kwa kila sehemu

Omo, yaani mbele ya chombo, swichi yake, katikati swichi yake, tezi swichi yake. Kila swichi ina fyuzi yake na jozi yake ya waya hadi sehemu hiyo. Hii inakula waya. Jahazi la Shela lilimeza mita 60 hivi kwa taa sita, na mwenyewe alikuja juu.

"Mita 60 kwa taa sita, fundi? Waniuzia waya au waniuzia taa?"

"Waya, ami. Taa umeshanunua mwenyewe."

Alicheka, akalipa, lakini haki yake ilikuwa kuuliza. Unacholipia ni mambo mawili. La kwanza, hitilafu ya sehemu moja haizimi nyingine: wageni wakilala Kiwayu na taa ya omo ikapiga shoti, jikoni kunaendelea kuwaka. La pili ni giza. Nahodha anayeingia mlango wa bahari usiku anahitaji macho yake yazoee kiza, na hilo huchukua zaidi ya dakika ishirini. Mgeni mmoja akiwasha taa nyeupe mbele ya usukani, dakika hizo zinapotea. Swichi za sehemu zinamwezesha kuacha mwanga mahali pa wageni na kuzima kilicho mbele ya macho yake. Nilimwekea pia taa mbili nyekundu kwa swichi yake peke yake, maana mwanga mwekundu hafifu hauharibu macho ya usiku kama mweupe.

Chombo kisichosafiri usiku wala kulaza watu hakina haja ya njia hii.

Nyuma ya paneli ndipo makosa yalipo

Paneli nyingi zinazouzwa zina swichi nne, sita au nane, kila moja na kijitaa chake. Ukiigeuza utakuta waya mwekundu unaoruka swichi hadi swichi, na mweusi mwembamba unaofanya vivyo hivyo. Huo mweusi unawadanganya wengi. Wanadhani ndipo hasi za taa zinaporudi. Kazi yake ni kuwasha vile vijitaa tu, na ni mwembamba kwa sababu hiyo. Hasi za taa zirudi kwenye upau wake wa shaba, na upau huo uwe na waya mnene hadi betri. Swichi yenye kijitaa huwa na miguu mitatu: wa kuingizia umeme, wa kutolea kwenda kwenye taa, na wa hasi ya kijitaa. Ukikosea ukaupeleka waya wa taa kwenye mguu wa hasi, aidha taa haitawaka au fyuzi itakatika pale unapobonyeza. Piga testa kwanza. Usiamini rangi.

Usiige gari pia. Kwenye gari, bodi yenyewe ndiyo hasi, na taa inahitaji waya mmoja. Chomboni ni waya mbili daima, kwenda na kurudi. Chanya inayovuja kwenye maji ya ngama hula misumari na vyuma vilivyoguswa na maji hayo, na kwa chombo cha mbao misumari ndiyo kila kitu.

Kisha fyuzi. Mara nyingi paneli huja na fyuzi za ampea 15 kila swichi, kwa sababu aliyeitengeneza hajui utafunga pampu au taa. Watu wanaziacha. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Waya mwembamba wa taa unaweza kuyeyuka mpira kabla fyuzi ya 15 haijastuka. Kwa taa za LED zinazokula ampea moja au mbili, toa ile ya 15 uweke ya 3, au ya 5 ikiwa sehemu ina taa nyingi. Fyuzi kuu ya waya unaotoka betri kuja kwenye paneli ikae karibu kabisa na betri, shubiri moja hivi. Ukiiweka kwenye paneli, waya wote uliopita katikati ya mataruma, zile mbavu za chombo, hauna mlinzi.

Vijitaa vya bluu vya baadhi ya paneli vinawaka kama macho ya paka. Usiku vinaudhi. Nahodha wa jahazi alivifunika kwa rangi ya kucha ya mkewe, akaacha mwanya mdogo tu.

Taa za mkanda au taa za kufungwa?

Hapa ndipo wateja wanapopenda kubishana, na ni kweli kuna la kubishania.

Taa za mkanda ni rahisi, zinapinda kufuata chombo, na zinapendeza chini ya ukingo wa viti. Kwenye mkanda wa volti 12, LED zimepangwa tatu tatu, kila kundi na kizuizi chake cha umeme, na unakatwa pale tu palipowekwa alama. Tabu ni kwamba kizuizi kile kimepimwa kwa volti 12 kamili. Betri iliyojaa ina kama 12.7, na mashine au sola ikichaji, volti hupanda hadi 14.4 na zaidi kidogo. Nyongeza hiyo inaonekana ndogo, lakini umeme unaopita kwenye LED unaweza kupanda zaidi ya mara moja na nusu. Mkanda unapata joto, gundi inaachia, LED zinaanza kugeuka rangi na kufa kundi kwa kundi. Ukitumia mkanda, weka kifaa cha kushikilia volti 12 kabla yake, na ununue uliofunikwa kwa silikoni. Ule ulio wazi ni wa sebuleni.

Taa za kufungwa, zile zenye kava na zilizoandikwa volti 10 hadi 30, zina kidhibiti ndani. Volti ikipanda au kushuka, mwanga wake haubadiliki. Ni ghali zaidi na kila moja inahitaji mahali pake. Lakini ikifa, unaitoa moja unaweka nyingine, bila kubandua mita tano.

Ungedhani basi mjadala umekwisha. La. Kidhibiti cha bei rahisi kinaweza kupiga kelele kwenye redio. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari rasmi kwamba taa za LED zinaweza kuvuruga redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini na vifaa vya AIS vinavyoonyesha vyombo vilivyo karibu, hadi mwito wa dharura usisikike. Kupima ni rahisi: washa redio kwenye chaneli tulivu, rekebisha kinyamazisho (squelch) hadi makelele yaanze tu kukatika, kisha washa taa zako swichi moja baada ya nyingine. Redio ikianza kunguruma, umempata mkosaji. Jahazi la Shela tulimpata: taa moja kati ya sita, ya aina tofauti na wenzake, iliyonunuliwa ili kutimiza idadi. Mkanda wenye vizuizi peke yake hauna kelele hizo, lakini yule mshikilia volti niliyekuambia uweke anaweza kuwa nazo. Mpime naye.

Kwa jahazi nilichagua taa za kufungwa, na mkanda sehemu moja tu, chini ya viti vya wageni. Kwa boti ya Mokowe, za kufungwa zote. Paa lake linapigwa na mawimbi kila safari upepo ukiwa mkali, na mkanda haungemaliza Kusi.

Waya

Hapa madukani waya unaopatikana upesi ni wa kufungia nyumba, wenye uzi mmoja mgumu wa shaba. Ukutani haujambo. Chomboni mashine inatikisa kutwa, na uzi mmoja unaotikiswa hukatika ndani ya mpira bila wewe kuona. Chukua wa nyuzi nyingi, laini. Ukiweza kuagiza Mombasa, chukua wenye nyuzi zilizopakwa bati: ukiuchuna una rangi ya fedha, na ile kutu ya kijani inauchelewa sana. Jihadhari na ule wa alumini uliovishwa shaba. Ni mwepesi mkononi, na ukiukwangua kwa kisu unaona nyeupe ndani. Huo urudishe dukani.

Unene nao una hesabu yake. Chukua taa zinazokula ampea 2, sawa na mkanda wa mita tano wa wati 24, zikiwa mita 8 kutoka kwenye paneli. Umeme unakwenda mita 8 na kurudi 8. Hivi ndivyo volti zinavyopotea njiani:

| Unene wa waya (milimita za mraba) | Volti zinazopotea | Sehemu ya volti 12 |
|---|---|---|
| 0.75 | 0.75 | asilimia 6 hivi |
| 1.5 | 0.37 | asilimia 3 hivi |
| 2.5 | 0.22 | asilimia 2 hivi |

Kwa taa, asilimia 3 inatosha, kwa hiyo 1.5 ndio waya wangu wa kawaida. Taa za kufungwa zenye kidhibiti hazitajali hata ukitumia 0.75. Mkanda utajali: mwisho wake utafifia kuliko mwanzo. Wa 2.5 kwa taa za ndani ni kujigharimu bure, isipokuwa chombo ni kirefu kweli.

Viungo vyote nabana kwa koleo la kubania, kwa vichwa vya shaba vyenye mpira wa gundi unaosinyaa ukipashwa moto. Kulehemu kwa risasi peke yake nimeacha. Waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko unaukata hapo hapo. Tepu ya umeme kwenye joto la Amu inageuka uji, inateleza, inaacha kiungo uchi.

Ni ipi kwa chombo chako?

Kama una dau la kuvulia lenye betri ndogo na taa moja au mbili, swichi moja na fyuzi moja vinakutosha. Fedha iliyobaki nunua waya wenye bati. Boti ya kuvusha watu: njia ya pili, bila vitufe vya abiria. Chombo kinacholaza watu au kuingia usiku: njia ya tatu, na usijaribu kupunguza waya. Kwa vyote, taa ya nanga na taa za njia ziwe na swichi na fyuzi zake, zisichanganywe na za ndani hata kama waya wake umepita hapo hapo.

Suala la betri lisikutishe. Balbu sita za zamani za wati 10 zilikuwa zikila ampea 5. Kwenye betri ya Ah 100 (ampea-saa 100), ambayo si vizuri kuishusha chini ya nusu, hiyo ni saa 10. LED sita za wati 2 zinakula ampea moja: saa 50. Betri ile ile iliyoletwa gatini kwa punda sasa inamaliza safari ya Kiwayu na kurudi, taa peke yake hazitaichosha.

Kazi ya mwisho kwenye jahazi ilikuwa majina. Paneli ilikuja na vibandiko vya Kiingereza, na baharia anayelala humo hana haja navyo. Vibandiko vyenyewe jua linavifuta kwa msimu mmoja. Nikachukua brashi ndogo na rangi nyeupe ya mafuta, nikaandika chini ya kila swichi: OMO, KATI, TEZI, NYEKUNDU, NANGA. Ya sita niliandika NGAMA, kwa rangi nyekundu. Ni ya kuwasha pampu kwa mkono. Ule waya wa kujiwasha wenyewe unakwenda betri moja kwa moja, na hakuna taa iliyoguswa nao.